Jinsi ya Kumpata Mhandisi wa Ulinzi wa Umeme Mkubwa kwa Kiwanda Chako Uganda

Ilikuwa saa nane usiku, mvua ya radi ikipiga kama inavyopiga kwetu mashariki mwa Uganda, mota ya pampu moja ikaungua koili. Breka ya pampu ile ndiyo iliyopaswa kukata, nayo peke yake. Haikukata. Ikakata breka kuu, kiwanda kizima kikaingia gizani na mashine zikasimama zikiwa zimejaa malighafi. Ilituchukua siku mbili kuzisafisha kwa patasi na nyundo. Wakati huo nilikuwa msimamizi wa matengenezo, na kijana aliyepanga rilei, yaani vifaa vinavyopima umeme na kuziamuru breka zikate, nilimwajiri mwenyewe miezi mitano kabla. Vyeti vyake vilikuwa halali, tena vya alama nzuri, na hakunidanganya jambo lolote. Alikuwa amefanya kazi miaka sita ya kufunga umeme kwenye majengo ya ghorofa Kampala, na kazi hiyo aliijua vizuri. Mimi ndiye niliyemwita kwa kazi nyingine bila kujua kwamba ni nyingine.

Tangu hapo nimekaa kwenye meza ya usaili mara nyingi, kwa kiwanda chetu na kwa wengine walioniomba msaada. Haya ninayoandika ni kwa mwenye kiwanda, meneja, au mkuu wa rasilimali watu anayetafuta mhandisi wa mifumo ya umeme mkubwa, hasa ulinzi: mtu wa kuhakikisha kwamba hitilafu ikitokea, inakatwa haraka, mahali pake, bila kuvuta kiwanda kizima.

Hatua ya kwanza: andika kazi kabla ya kuandika cheo

"Mhandisi wa umeme" ni neno pana mno. Aliyesomea Makerere, Kyambogo au Busitema anaweza kuishia kwenye minara ya simu, kwenye majengo, kwenye vipimo na udhibiti wa mashine, kwenye mabwawa ya kufua umeme au kwenye vituo vya kupoza umeme. Shahada ni moja, kazi ni tano.

Kwa hiyo chukua karatasi uandike maswali matatu ambayo unataka mtu huyu awe ameyajibu ndani ya mwaka mmoja. Yetu yalikuwa haya: Kwa nini breka kuu inakata kabla ya ndogo? Tukiongeza transfoma ya pili, swichigia tulizonazo, yaani makabati ya breka, zitahimili mkondo wa shoti, ule mkubwa unaopita nyaya zinapogusana? Na tukifunga sola juu ya paa, ikifanya kazi pamoja na jenereta, rilei zetu bado zitaona hitilafu upande sahihi? Maswali haya matatu yalituambia mengi kuliko ukurasa mzima wa sifa za mwombaji.

Kisha hesabu ulichonacho. Unapokea umeme kwa kilovolti 11 au 33? Au wewe ni mkubwa kiasi cha kuungwa moja kwa moja kwenye kilovolti 132 za kampuni ya usafirishaji, UETCL? Transfoma ni ngapi na za ukubwa gani? Rilei ni za kidijitali, au bado una zile za kisahani kinachozunguka? Una mchoro wa mstari mmoja, ule unaoonyesha mfumo wako wote kwa mstari mmoja badala ya nyaya tatu, na unafanana na kilichofungwa kiwandani? Wengi wana mchoro wa siku kiwanda kilipofunguliwa, na tangu siku hiyo yameongezwa mambo ambayo hayakuchorwa.

Ukimaliza hesabu hiyo ukakuta una transfoma moja na breka chache, nakusihi usiajiri. Tafuta mshauri aliyesajiliwa akufanyie hesabu za shoti na mipangilio ya rilei kwa wiki chache, akuachie faili, kisha umwite tena kila unapobadilisha kitu. Mhandisi wa ulinzi asiye na mfumo wa kulinda atachoka na kuondoka, na wewe utakuwa umelipa mshahara wa bure. Mambo ni tofauti ukiwa na kiwanda cha sukari kinachofua umeme wake kwa makapi ya miwa na kuuza ziada kwenye gridi, kama Kakira, au kituo kidogo cha maji kwenye mito ya Rwenzori kule Kasese. Hapo umeme unaingia na kutoka, hitilafu inaweza kulishwa kutoka pande mbili, na mtu wa kudumu anahitajika.

Hatua ya pili: tangazo

Hapa sina mengi. Weka yale maswali matatu ndani ya tangazo lenyewe. Yatawafukuza wengi wasiofaa na kuwavuta wachache wanaofaa. Taja msongo wa umeme, aina ya rilei na mahali pa kazi. Andika wazi kwamba ataitwa usiku. Litangaze magazetini kama kawaida, lakini lipeleke pia kwa chama cha wahandisi, UIPE, na kwa wakuu wa idara za uhandisi vyuoni, maana watu wa ulinzi ni wachache na wanajuana. Usimtoze mwombaji hata shilingi, wala usiruhusu wakala afanye hivyo kwa jina lako.

Hatua ya tatu: soma wasifu ukiwa na historia mkononi

Sekta yetu ina tarehe zinazojulikana, nazo ni kipimo kizuri. Bodi ya umeme ya zamani, UEB, iligawanywa mwaka 2001 ikawa kampuni tatu: UEGCL ya kufua, UETCL ya kusafirisha, UEDCL ya kusambaza. Umeme Ltd ilichukua usambazaji Machi 2005 na mkataba wake wa miaka 20 ukaisha Machi 2025, kazi ikarudi kwa UEDCL. Anayesema alikuwa Umeme mwaka 2003, muulize kwa upole. Huenda ni kosa la uchapaji, huenda siyo.

Vivyo hivyo kwa miradi. Bujagali ya megawati 250 ilizinduliwa 2012, Isimba ya megawati 183 mwaka 2019, na Karuma ya megawati 600 ilizinduliwa rasmi 2024. Msongo wa kilovolti 400 kwa Uganda ulikuja na laini ya Karuma hadi Kawanda. Kwa hiyo anayedai miaka kumi na mitano ya kilovolti 400 hapa nyumbani, aeleze aliipata wapi. Kama ni nje ya nchi, sawa kabisa, ila aseme ni wapi na alifanya nini kwa mikono yake.

Neno la kulichunguza kuliko yote ni "nilishiriki". Nilishiriki kuwasha kituo, nilishiriki kupanga rilei. Usilipite. Andika pembeni: alishiriki kufanya nini? Kubeba kifaa cha majaribio, kusoma namba kwenye skrini, kupiga hesabu, au kutia saini? Zote ni kazi za heshima, lakini ni moja tu unayoitafuta.

Usajili nao ukague mapema. Uhandisi Uganda unaongozwa na sheria ya usajili wa wahandisi ya mwaka 1969, na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, ndiyo inayotunza daftari. Linganisha jina na namba na daftari la bodi. Nakala ya cheti pekee isikutosheleze. Mhitimu mpya hatakuwa amesajiliwa bado, hilo si kosa, ila hawezi kuwa ndiye anayetia saini ya mwisho kwenye hesabu za ulinzi. Vibali vya kufunga umeme vinavyotolewa na mamlaka ya udhibiti, ERA, kwa madaraja mbalimbali ni jambo jingine: vinaonyesha mtu anaruhusiwa kufunga, havionyeshi kwamba anaweza kupanga ulinzi. Nimeona watu wakivichanganya.

Akitoka Kenya au Tanzania usimwogope. Nchi hizo mbili na Uganda zilitia saini makubaliano ya kutambuana wahandisi mwaka 2012. Bado atapitia ERB na uhamiaji, kwa hiyo anza taratibu hizo mapema.

Hatua ya nne: mpe mchoro, kalamu na saa moja

Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Kama wewe si mtu wa umeme, mwalike mhandisi mmoja wa nje akae nawe mezani na umlipe kwa siku hiyo. Ni gharama ndogo.

Usaili wa kuuliza "nguvu zako ni zipi na udhaifu wako ni upi" hautakuambia kitu. Mimi huweka mezani mchoro wa mstari mmoja wa kiwanda chetu, karatasi tupu na kikokotoo. Swali la kwanza huwa hili: transfoma ya MVA 2.5 (megavolti-ampia, kipimo cha ukubwa wake), kilovolti 33 kwa volti 415, impidansi, yaani ukinzani wake wa ndani, asilimia 6. Breka kuu upande wa volti 415 imeandikwa kiloampia 50, yaani mkondo mkubwa kabisa inaoweza kukata. Inatosha?

Mtazame anavyoanza. Mkondo kamili upande wa chini ni kama ampia 3,480. Ukigawa kwa 0.06 unapata takriban kiloampia 58. Wa haraka ataishia hapo na kusema breka haitoshi. Aliyefanya kazi hii kweli atasimama na kukuuliza: gridi yenyewe, pale inapoingia, ina kiwango gani cha shoti? Maana zile kiloampia 58 ni kama nguvu ya gridi haina kikomo. Nikimjibu kwamba ni MVA 250, atapiga hesabu upya na kupata karibu kiloampia 50 kamili. Aliye bora zaidi hatafurahi hata hapo. Ataniambia kwamba mota zilizo kiwandani nazo hulisha hitilafu kwa muda mfupi, kwa hiyo breka iko ukingoni, na angependa barua rasmi ya msambazaji inayotaja kiwango cha shoti kabla ya kuweka jina lake. Nikisikia sentensi hiyo, moyo wangu hutulia. Wapo watakaotaja IEC 60909, kiwango cha kimataifa cha hesabu za shoti, na programu za hesabu hizo kama ETAP au PowerFactory, na ni vizuri wazijue, lakini programu humpa kila mtu jibu. Anayejua kilicho ndani ya jibu ndiye unayemtafuta.

Swali la pili linahusu mpangilio. Rilei ya laini ndogo na rilei ya breka kuu zitapishana vipi? Atakuchorea kwenye karatasi mistari miwili iliyopinda, ya muda wa kukata kwa kila mkondo, mmoja juu ya mwingine, na kukuambia kati yake anaacha nafasi ya sekunde 0.3 hadi 0.4 hivi. Muulize kwa nini si 0.1. Akieleza muda wa breka kufunguka, makosa ya vipimo na akiba ya usalama, endelea naye. Muulize tena kwa nini rilei ya upande wa kilovolti 33 isikate papo hapo kwa mkondo wowote mkubwa. Hapo anapaswa kukumbuka kwamba transfoma ikiwashwa huvuta mkondo mara nyingi kuliko wa kawaida kwa kitambo kidogo, na rilei isiyolijua hilo itakata kila asubuhi mnapowasha.

La tatu ni fupi. Transfoma yetu ni Dyn11 (aina ya ufungaji wa koili zake). Umeme ukivujia ardhini upande wa volti 415, rilei ya hitilafu ya ardhini ya upande wa kilovolti 33 itauona? Jibu ni hapana, kwa sababu upande wa juu umefungwa delta, yaani pembetatu isiyo na njia ya kwenda ardhini, na mkondo ule wa ardhini haupiti. Anayejua hujibu kabla hujamaliza, kisha anakuuliza ulinzi wa upande wa chini umeuweka wapi.

La nne ni la uhai. Mzigo unapita, fundi kwa bahati mbaya amefungua waya wa sekondari wa CT, transfoma ndogo inayoipimia rilei mkondo. Nini kitatokea? Volti itapanda pale kwenye ncha, kiasi cha kuua mtu au kupasua CT yenyewe. Ndiyo maana ncha za CT hufungwa pamoja kwanza ndipo uguse rilei. Swali hili sitoi alama za kati. Akilikosa, ninamshukuru na tunaachana kwa heshima, hata kama hesabu zake zilikuwa nzuri, kwa sababu atakuwa akiwaongoza mafundi wenye watoto nyumbani.

La mwisho ninampa karatasi halisi ya kumbukumbu za rilei kutoka usiku ule wa pampu, saa na namba zikiwa kama zilivyotoka. Simwambii kilichotokea. Ninataka kuona anauliza nini. Mmoja aliniuliza kama saa za rilei zote mbili zilikuwa zimelinganishwa. Hazikuwa. Nilikuwa nimeitazama karatasi ile miaka miwili bila kuliona hilo. Tulimwajiri.

Hatua ya tano: tembea naye kiwandani

Baada ya karatasi, mvalishe kofia na viatu, mwende kwenye chumba cha swichigia. Angalia kama anasoma kibao cha hatari kabla ya kuingia, mikono yake inakwenda wapi, kama anauliza nani ana funguo na kibali cha kazi hutolewaje. Mtu wa umeme mkubwa hagusi kitu kwa kudhani kimezimwa. Atauliza kimepimwa na nani, kimefungwa kufuli na nani, na ethi, waya wa kupeleka umeme ardhini, imewekwa wapi.

Kisha mwite fundi wa zamu, umwombe mgeni amweleze kwa nini breka ile ilikata. Watu wa zamu kwetu wanatoka Tororo, Busia, Arua, wengine wamevuka kutoka Kenya na Kongo. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha, kikichanganyika na Luganda. Mhandisi anayeweza kuieleza hitilafu kwa lugha ambayo fundi ataielewa, bila kumdharau, ataokoa muda mwingi usiku wa manane kwa simu. Kijana asiyejua Kiswahili vizuri lakini anajitahidi, akamwita fundi mzee "mzee" na kumsikiliza, simkatai. Anayemjibu fundi kwa kumgeukia mkuu wake, huyo simchukui.

Hatua ya sita: wadhamini

Piga simu mwenyewe. Usimuulize meneja wa zamani kama alikuwa mtu mwema. Muulize: "Ni hitilafu gani kubwa mliyowahi kupata akiwepo, na yeye alifanya nini saa ya kwanza?" Ukiweza, zungumza pia na fundi aliyefanya naye zamu. Mafundi husema kweli ambayo mabosi hawaijui. Pata ruhusa ya mwombaji kwanza. Sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inalinda habari zake, na adabu nayo inataka hivyo.

Hatua ya saba: ofa na mkataba

Watu hawa wanatafutwa na kampuni za kufua umeme, wakandarasi na nchi jirani. Ukimlipa sawa na mhandisi wa jumla, utamfundisha mfumo wako kwa mwaka mmoja kisha utamuaga. Ukishindwa kuongeza mshahara sana, ongeza vingine: posho ya kuitwa usiku, usafiri wa uhakika saa hizo, bima ya afya ya familia, ada ya mwaka ya ERB na UIPE, leseni ya programu, na mafunzo ya watengenezaji wa rilei mara moja kwa mwaka. Kwa mhandisi anayependa kazi yake, kifaa kizuri cha kujaribia rilei kwa kuingiza mkondo ni zawadi kubwa, na wewe pia unakihitaji.

Mkataba uwe wa maandishi. Sheria ya Ajira ya 2006 inaruhusu kipindi cha majaribio kisichozidi miezi 6, kinachoweza kuongezwa miezi 6 mingine kwa ridhaa ya mfanyakazi, na katika kipindi hicho notisi ni siku 14. NSSF ni asilimia 10 kutoka kwako na asilimia 5 kutoka kwake. Mweleze kiasi atakachopokea mkononi baada ya hiyo na kodi, asije akashangaa mwisho wa mwezi.

Kifungu kimoja usikisahau: faili za mipangilio ya rilei, michoro na nywila ni mali ya kiwanda, na nakala hukaa mahali pawili. Nimewahi kuona kiwanda kilichoshindwa kufungua rilei zake kwa sababu aliyeondoka aliondoka na nywila kichwani. Na kifungu cha pili, kinachomlinda yeye: ana haki ya kukataa kuwasha kifaa anachoamini si salama, na hakuna meneja wa uzalishaji atakayemlazimisha. Andika hilo, kisha umwambie meneja wa uzalishaji mbele yake.

Miezi mitatu ya kwanza

Mwezi wa kwanza asibadilishe mpangilio wowote. Atembee, apime, achore upya mchoro wa mstari mmoja kama ulivyo kweli. Mwezi wa pili apige hesabu za shoti, alinganishe na vibao vya breka zote, na alinganishe saa za rilei. Mwezi wa tatu alete ripoti yenye mapendekezo, isomwe na mhandisi mwingine aliyesajiliwa kabla ya kugusa kitu, kisha mabadiliko yafanyike siku ya kuzimwa kiwanda, rilei moja baada ya nyingine, kila moja ikijaribiwa na karatasi ya majaribio ikitiwa saini na watu wawili. Mpangilio wa zamani uhifadhiwe na tarehe yake. Akimaliza, bandika mchoro mpya ukutani kwenye chumba cha swichigia, na ule wa zamani uuondoe siku hiyo hiyo.